Makato Yasiyokuwapo

Ndugu Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji kama imani imewahi kuleta ugomvi katika ndoa zao, na kama ndivyo, ugomvi huo ulimalizwaje. Nadhani wengi watawaandikia kuhusu mume wa dini hii na mke wa dini ile, au kuhusu mama anayekesha kwenye maombi huku nyumbani watoto wamelala bila kula. Kwetu haikuwa hivyo. Mimi na mume wangu ni Walutheri wote wawili, tulifunga ndoa mbele ya madhabahu ile ile tunayoabudu hadi leo hapa Dodoma, na katika miaka 19 ya kuishi pamoja hajanikataza hata mara moja kwenda kanisani. Ugomvi niliuleta mimi, na niliuleta kwa kutoa sadaka.

Novemba 2022 usharika wetu ulifanya harambee ya kupaua jengo jipya, kwa kuwa tulikuwa tumechoka kusali chini ya turubai, na anayelijua jua la Dodoma kabla mvua hazijaanza hahitaji kuelezwa zaidi. Kadi za ahadi ziligawiwa baada ya mahubiri, kwaya ikiwa inaimba, na hiyo ni saa ambayo mkono wa mtu huandika kabla kichwa hakijaulizwa. Niliandika shilingi 300,000, kwa awamu kumi za 30,000 kila mwezi. Mume wangu siku hiyo alikuwa Mpunguzi akimwagilia nusu eka yake ya zabibu, na niliporudi nyumbani sikumwambia.

Nilijua angesema tungoje. Mtoto wetu mkubwa alikuwa akimaliza kidato cha nne, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mshahara wangu wa ualimu ungelisha nyumba na kumwekea mtoto akiba, ilhali kipato cha mume wangu cha useremala kingemalizia vyumba viwili vya nyuma. Basi mwezi wa Desemba, fedha zilipopungua, nilimwambia kwamba makato ya mkopo wangu yameongezeka. Kila mwalimu anayesoma barua hii anajua jinsi uongo huo ulivyo rahisi. Makato huja yameandikwa kwa vifupisho ambavyo hata mwenye mshahara havielewi vyote, sembuse seremala anayelipwa mkononi.

Niliendelea hivyo miezi saba, na sitaficha kwamba nilikuwa na furaha. Nilikuwa nikitoka kanisani nimechangamka, nikisonga ugali huku naimba, na mboga ilipokuwa mlenda siku tano za wiki badala ya tatu hakuna aliyelalamika, maana sisi Wagogo mlenda hatuuhesabu kuwa shida. Nilijiona nimepata njia ya kumpendeza Mungu bila kumsumbua mtu.

Katikati ya mwaka 2023 kijana alichaguliwa kujiunga na kidato cha tano mkoani Kigoma. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, na kwa hiyo watu husema siku hizi mtoto husoma bure, lakini fomu ya kujiunga ilidai godoro, shuka, ndoo, fyekeo, sare na rimu ya karatasi, na nauli ya kutoka Dodoma hadi Kigoma haikuwa imefutwa na mtu yeyote. Fedha hazikutosha. Jioni moja mume wangu akawa anatafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwenye mfuko tunamohifadhi nyaraka, akakutana na kadi yangu ya ahadi, ikiwa na sahihi saba za mhazini kuanzia Desemba hadi Juni.

Hakupandisha sauti. Alichukua penseli anayoiweka sikioni, akajumlisha pembeni mwa ile fomu ya shule, akapata 210,000, akapigia mstari. Kisha akaniuliza, «Mama watoto, haya ndiyo yale makato?» Nilipokosa jibu aliirudisha penseli sikioni, akatoka kwenda karakana, na kwa siku tatu zilizofuata alikula, akashukuru kwa chakula kama kawaida, asiseme neno jingine lolote na mimi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilijuta papo hapo, lakini siku hizo tatu nilizitumia kujihesabia haki. Nilijiambia kwamba fedha zile sikumpa mwanamume wala sikununulia vitenge, nilimtolea Mungu, na mtu anayenuna kwa sababu ya sadaka ana deni na Mungu, si na mimi. Nikiwa na moyo huo nilikwenda kwa jirani yangu, Mrangi wa Kondoa na Mwislamu, nikitarajia kuungwa mkono. Aliniunga mkono kwa kiasi. Alinieleza kwamba katika dini yake mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, kwamba anachokichuma mke ni chake, na kwamba kulisha nyumba ni wajibu wa mume hata kama mke ana kitu. Nilifurahi kusikia hayo, maana mahari yangu mimi ilihesabiwa kwa ng'ombe katika zizi la baba, na sikupewa hata ndama. Nikaongeza kwamba hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kuoana peke yake hakuhamishi mali ya mtu kwenda kwa mwenzake. Akaniacha nimalize. «Fedha ni yako, jirani,» akasema. «Na huo uongo nao ni wa nani?»

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshafundisha jambo hilo hilo katika Shule ya Jumapili. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea watu waliokuwa wakiwanyima wazazi wao msaada kwa kusema kwamba mali ile ni Korbani, yaani imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Watoto walikuwa wakicheka ninapoigiza mtu anayeficha kapu nyuma ya mgongo huku akisema «Korbani, Korbani», na mimi nilikuwa nikicheka pamoja nao, kapu langu likiwa kwenye mfuko wa nyaraka.

Nilimwendea mzee wa kanisa wa mtaa wetu kumwomba awamu tatu zilizobaki zisogezwe mbele, nikidhani atanihimiza nikaze mwendo. Aliniuliza kama mume wangu anajua. Nilipomweleza yote, alifungua Mathayo 5 akanisomea ile mistari ya 23 na 24, ya mtu anayekumbuka mbele ya madhabahu kwamba ndugu yake ana neno juu yake, na anayeambiwa aiache sadaka yake pale pale, aende kwanza kupatana. Nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu nimewahi kuwasikia wahubiri wanaowahimiza wake watoe kwa siri, wakidai kwamba mume asiyeelewa ni kizuizi cha baraka. Maneno ya namna hiyo huanza kwenye vipaza sauti na huishia kwenye sufuria za watu.

Nilimfuata mume wangu karakana akiwa anapiga randa ubao wa kitanda. Nilimwambia kwamba nilimdanganya mara saba, nikataja na miezi yenyewe, na sikulitaja jina la Mungu hata mara moja katika maelezo yangu. Aliendelea na randa, maranda yakianguka miguuni mwake, kisha akauliza, «Na mengine?» Nikasema hakuna. «Nitaamini nikiona,» akajibu, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi akawa anaomba kuiona hati yangu ya mshahara.

Walimu wenzangu waliposikia walisema huo ni unyanyasaji, na sikulipuuza neno lao, kwa kuwa mama yangu hakuwa na shilingi yake mwenyewe na niliwahi kumwona akiomba fedha ya chumvi kama mgeni katika nyumba aliyoijenga. Siwezi kumshauri mwanamke yeyote akabidhi mshahara wake, na mume wangu angeitaka kadi yangu ya benki ningemkatalia. Lakini hakuitaka. Alitaka kuona karatasi, kwa sababu ni karatasi hiyo niliyokuwa nimeisingizia. Basi kila mwezi nilikwenda kuichapisha kwenye duka la steshenari, nikaiweka mezani, naye akaisoma mstari kwa mstari, akiuliza maana ya kila kifupisho. Haikuwa raha. Kuna miezi niliiweka kwa kuibamiza.

Kijana alikwenda Kigoma na sanduku alilotengenezewa na baba yake, na godoro lililopatikana baada ya kuuza kwa bei ya hasara kabati la mteja aliyechelewa. Baada ya mavuno ya zabibu ya mwanzoni mwa 2024 mume wangu alilipa mwenyewe awamu mbili za ile ahadi. Ya tatu hajailipa, nami sijamkumbusha, na kanisa limeshaezekwa.

Agosti ya mwaka huo mwisho wa mwezi ulifika, asiulize. Niliiweka hati mezani hata hivyo, chini ya kopo la sukari, ikakaa siku mbili bila kuguswa. Siku ya tatu niliikuta karakana, imegeuzwa, na mgongoni mwake ameandika vipimo vya mbao za mlango wa mtu.