Fyuzi ya risiva ikikatika, usiongeze ukubwa

Mkuu, chomoa hiyo risiva yako ya Pioneer (redio yenye amplifaya ya spika) ukutani kwanza, ndipo uendelee kusoma. Umesema ni mtumba wa Japani, uliiwasha ikanguruma ikazima, fyuzi imekatika, na fundi kakwambia utoe ile ya ampea 4 uweke ya 10 "ili ivumilie". Haivumilii kitu! Fyuzi kubwa haiponyi mashine, inaupa moto nafasi ya kufika kwenye transfoma ya ndani. Ushauri huo niliuziwa na mimi, na wanaoutoa huchukua hela ya ufundi wakaenda zao, mwenye mashine akabaki na chuma.

Geuza usome nyuma. Zilizotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani zimeandikwa AC 100V, na nyingi hazina swichi ya kuchagua volti. Umeme wa ukutani kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja, chuma cha transfoma kinashiba usumaku, mkondo kwenye koili ya kwanza (ile inayopokea umeme wa ukutani) unapanda ghafla, na ngurumo uliyosikia ndiyo hiyo. Fyuzi ya ampea 4 ilikatika kwa kuwa ilifanya kazi yake. Ya 10 ingekaa kimya huku vanishi inayokinga waya wa koili ikiungua mpaka mizunguko igusane. Diodi utapata, transista utapata, kapasita zimejaa madukani. Transfoma ya modeli hiyo haiuzwi mpya popote: ama uchinje risiva nyingine mbovu, ama umlipe mtu aisuke upya.

Itoe fyuzi uiangalie kwenye mwanga. Kioo kikiwa safi na kijiwaya kimekatika katikati tu, imechoka au ilizidiwa kidogo. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani, mkondo mkubwa ulipita kwa mkupuo.

Weka fyuzi mpya ya thamani ileile iliyochapwa pembeni ya kishikio chake. Mashine ikiwa bado imechomolewa, bonyeza swichi ya pawa, kisha pima ohm kati ya pini mbili za plagi. Ukipata ohm chache, njia ni nzima hadi kwenye koili. Mita isiposoma chochote, pima waya wa plagi, swichi na koili, kimoja kimoja. Baadhi ya transfoma zina fyuzi ya joto (hukatika transfoma ikichemka) iliyofichwa chini ya karatasi ya juu.

Sasa umeme, na hapa sikubaliani na mtu: risiva ya zamani haipewi umeme bila balbu. Chukua balbu ya wati 100, iunge kwa mfuatano kwenye waya wa moto, yaani umeme upite ndani ya balbu kwanza, kabla ya transfoma ya nje ya kushusha volti 230 kwenda 100, ambayo ndiyo utaichomekea risiva. Spika zote ziwe zimechomolewa. Balbu ikiwaka kwa nguvu kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa chaji, hali ni njema. Ikibaki inang'aa, kuna shoti. Zima, chomoa plagi, toa chaji ya kapasita kubwa kwa rizista ya ohm 100, wati 10. Usitumie bisibisi. Piga picha, kisha achanisha waya zote za upande wa pili wa transfoma ya risiva (zinazotoka kwenda kwenye saketi) na ujaribu tena. Ikififia, mbovu ni diodi za rektifaya (zinazogeuza AC kuwa DC) au transista za kutoa sauti zilizokufa shoti, zipime. Ikiendelea kung'aa na hakuna kilichounganishwa, transfoma imeondoka.

Balbu iwe ya waya unaopata moto. LED haifai hata kidogo, kwa sababu haizuii mkondo inavyotakiwa. Ukiikosa dukani, ulizia wanaofuga kuku. Zile za kulelea vifaranga zinafanya kazi hiyohiyo.