Pembe za injini na springi: pima kabla ya kuchomelea

Maswali mengi safari hii yametoka kwa watu wanaobadilisha injini au kuinua magari katika gereji za hapa Nairobi. Nimeyajibu yale yanayohusu pembe, yaani mwinamo wa vyuma kwa digrii, kwa sababu pembe ikishachomelewa vibaya, kuirekebisha kunamaanisha kukata chuma upya.

Fundi, Land Rover yangu ya zamani imewekwa injini ya dizeli ya Toyota pamoja na giaboksi na transfa yake. Nikifika kilomita 70 kwa saa sakafu inatetemeka. Propela imebalansiwa na hakuna kilichobadilika. (Msomaji wa Kariobangi)

Basi iache propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ndugu yangu, upime pembe. Krosi, kile kiungo cha kukunjika kilicho kwenye kila ncha ya propela, ikikunjika haizungushi upande wa pili kwa mwendo sawa. Katika kila mzunguko mmoja huongeza kasi mara mbili na kuipunguza mara mbili. Krosi ya nyuma ndiyo inayofuta kosa la krosi ya mbele, ila inaweza tu ikiwa shafti inayotoka transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) na ile inayoingia difu (gia zilizo katikati ya ekseli) ziko sambamba. Injini na transfa zikiinama kwa nyuma digrii 3, pua ya difu nayo iinuke digrii 3. Hakikisha pia masikio yanayoshika krosi kwenye ncha mbili za propela yako kwenye mstari mmoja. Fundi akiivuta propela kwenye maungio yake ya meno na kuirudisha jino moja pembeni, utatetemeka hata pembe zikiwa sawa kabisa.

Kisha pima mwinamo wa propela yenyewe. Tofauti kati yake na mwinamo wa transfa ndiyo pembe ambayo krosi inafanyia kazi. Itafute iwe kati ya digrii 1 na 3. Sifuri nayo haifai, kwani sindano za beringi zilizo ndani ya krosi zisipotembea zinachimba palepale. Tena gari lako lina springi bapa, na springi hizo hujipinda unapokanyaga mafuta, pua ya difu ikapanda. Kwa hiyo gari likiwa limesimama, iache pua chini kidogo ya hapo, digrii 1 au 2, ili ikivuta mzigo ifike mahali pake. Rekebisha kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli.

Steringi inagusa injini, nataka kuisogeza injini upande wa abiria. Inaruhusiwa? (Msomaji wa Ngara)

Inaruhusiwa, mradi isogee bila kugeuka: ukitazama kutoka juu, injini na difu zibaki zimeelekea upande mmoja. Ila kumbuka kwamba kwenda kando ni pembe vilevile. Propela ikiteremka digrii 3 na kwenda kando digrii 2, krosi inafanya kazi kwenye digrii 3.6 hivi, ambayo tayari imepita kiwango.

Sakafu ya gereji yetu hapa Grogan haiko sawa. Nitapataje pembe ya kweli ninapotengeneza mauntingi za kushikilia injini? (Fundi kijana)

Kijana wangu, swali lako ndilo muhimu kuliko yote. Usiulinganishe mwinamo na sakafu. Ulinganishe na chesisi. Weka kipimo cha pembe juu ya chesisi mahali palipo bapa na pasipopinda, usome, kisha toa namba hiyo katika vipimo vyako vyote. Cha pili, gari lisimame kwa matairi yake, likiwa na uzito wake wote. Nimeona kazi nzuri mno ikiharibika kwa sababu vipimo vilichukuliwa gari likiwa juu ya jeki na ekseli ya nyuma ikining'inia. Likishushwa, kila namba inakuwa uongo.

Kabla ya kukubali mwinamo, tazama sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini. Injini ikilala kupita ilivyoundwa, mafuta hukimbilia nyuma, na kwenye mlima mrefu bomba la kuyafyonza linaweza kuvuta hewa. Kama ni ya kabureta, meza ya kabureta, yaani uso bapa inapofungwa juu ya manifodi, ikae sawa, kwani injini nyingi za kabureta zimechongewa mwinamo huo kwenye manifodi.

Mauntingi za kushoto na kulia zielekeane kama herufi V, ili raba ibanwe badala ya kukatwa na msukumo wa injini. Shika vyuma kwa nukta chache za kuchomelea, pima upya, kisha utoe raba zote kabla ya kuchomelea kabisa. Joto huachanisha raba na chuma chake, na hutaliona kosa hilo mpaka injini iruke siku moja ukipanda mlima. Toa na waya za betri.

Nikilaza shoki ili ienee chini ya gari, napoteza nini? (Msomaji wa Embakasi)

Unapoteza nguvu yake. Ikilala digrii 30 kutoka wima, inabaki kama asilimia 75 ya uwezo wake. Ikilala 45, nusu tu.

Jimny yangu imeinuliwa. Steringi hairudi katikati yenyewe, na fundi wa alaimenti anasema magurudumu yako sawa. (Dada wa Rongai)

Dada, huenda alipima tu kama magurudumu yameelekea mbele sawasawa. Kilichopotea ni kasta, yaani kule kulala nyuma kwa nguzo za steringi, ambazo magurudumu ya mbele hugeukia. Springi ndefu zinaishusha ekseli, na mikono inayoishika inaizungusha, kwa hiyo sehemu ya juu ya nguzo hizo inaenda mbele. Hapo gari linaanza kutangatanga barabarani, na kwa kasi ya Barabara ya Thika hiyo ni hatari. Weka kwenye mikono hiyo bushi zenye tundu la kando, lisilo katikati, zinazoizungusha ekseli irudi nyuma. Usikubali mtu aipashe mikono moto na kuikunja.

Ukiirudisha kasta, pua ya difu ya mbele itashuka na krosi yake itakunjika zaidi. Ukilazimika kuchagua, chagua kasta, maana steringi unaitumia kila dakika. Kisha omba karatasi ya alaimenti inayoonyesha kasta ya kila upande. Zikitofautiana sana, gari litavutwa kuelekea upande wenye kasta ndogo.