Moshi Upi? Jinsi Ninavyochambua Ubeti Mmoja

Nilipokuwa nasoma sekondari hapa Moshi, nilikosa alama nyingi za ushairi kwa kosa lile lile: nilihesabu mizani (silabi za kila mshororo), nikaorodhesha vina (silabi za mwisho zinazofanana), kisha nikaandika kwamba shairi lina huzuni bila kuonyesha huzuni hiyo imekaa wapi. Ubeti ufuatao niliutunga baadaye, nikiishi Arusha, na sasa ninautumia kuwafundishia vijana wanaokuja kwangu jioni:

Usiku umenikuta, kibanda hakina bati,
Mlima nautafuta, wingu limefunga kati,
Mama, jiko lafukuta, umebaki na vijiti,
Moshi nitaufuata, hata bila ya tiketi.

Anza na mizani, lakini kwa kutamka, si kwa kutazama herufi. Katika "mlima" ile m husimama peke yake, hivyo neno lina mizani 3, ilhali n ya "wingu" imeshikamana na g, nalo lina 2 tu. Asiyelijua hilo atamlaumu mshairi kwa mshororo uliotimia 8 kwa 8. (Wapenzi wa mpira wa Arusha huingia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid bila kukumbuka kwamba mwenye jina hilo ndiye aliyechapisha kitabu cha sheria za utunzi huu mwaka 1954.)

Vina havichukui muda: ta katikati, ti mwishoni. Ila tega sikio zaidi, kwani mishororo mitatu ya kwanza inabanwa na -uta, na wa nne unafunguka kwa -ata, pale pale msemaji anapoacha kulalamika na kuamua kuondoka.

Kuhusu hali ya shairi, sikubaliani na wanaosema kwamba mizani 16 huleta majonzi, maana hesabu hiyo hiyo hubeba mashairi ya harusi na ya malumbano. Majonzi ya hapa yamo katika "lafukuta", jiko linalofuka bila kuwaka, na katika "vijiti", mahali palipostahili kuni. Kisha linakuja neno "Moshi". Kiambishi u cha "nitaufuata" kinaelekeza kwenye moshi wa jiko la mama, kwa kuwa Moshi, jina la mji, lingedai "nitaifuata". Lakini "tiketi" inamrudisha msomaji stendi ya mabasi.

Kijana mmoja alishikilia kwamba ni mji tu, akatoa tiketi kuwa ushahidi. Nilimpa alama zake, kisha nikamwomba anieleze ile u imefuata nini.