Kifurushi kimeongezwa, tamthilia bado inakatakata

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumbani kwetu Morogoro tunaangalia tamthilia kwa intaneti kila jioni, mimi, mama na wadogo zangu. Natumia laptopu iliyotumika, Core i5 kizazi cha 4, RAM ya GB 4, nimeiunganisha na TV kwa waya wa HDMI. Picha inaruka-ruka huku sauti ikiendelea vizuri, na feni inavuma mpaka inasikika sebule nzima. Usiku kuna wakati kila kitu kinasimama, kiduara kinazunguka tu. Aliyetuunganishia intaneti alinishauri nitoke Mbps 10 niende 20. Nimepanda, nalipa zaidi, na hali ni ileile. Cha ajabu, simu yangu kwenye Wi-Fi hiyohiyo inaonyesha safi. Tena, nikihamia kwenye TV ya zamani ya chumbani kwa mama kwa adapta ya VGA, huduma moja ya kulipia inatoa sauti bila picha. Ninunue laptopu nyingine?

JIBU: Marahaba. Usinunue bado. Na kama mkataba wako unaruhusu, rudi kwenye Mbps 10, maana hiyo nyongeza unayolipa kila mwezi haigusi tatizo lako kubwa. Inaniuma kila ninapoona familia inauziwa kasi wakati kinacholemewa ni mashine iliyo mezani.

Umenieleza matatizo mawili, na mwenyewe umeyatenganisha vizuri bila kujua. Kiduara kinapozunguka na sauti ikakatika pamoja na picha, data haijafika: hilo ni la mtandao. Sauti inapoendelea, picha ikaruka na feni ikavuma, data imefika zamani ila kompyuta inashindwa kuifungua kwa wakati. Hilo la pili haliponi hata ukivutiwa Mbps 100.

Video inayokuja kwa intaneti huwa imebanwa sana ili iwe ndogo, na kila mtindo wa kubana una jina lake, yaani kodeki. H.264 ni ya mwaka 2003 na karibu kila kifaa kinaijua. Google ilikamilisha VP9 mwaka 2013, kisha mwaka 2018 ikatoka AV1. Hizi mpya zinabana zaidi, kwa hiyo zinaokoa data, lakini kuzifungua ni kazi nzito kuliko H.264. Ndiyo maana watengenezaji wa prosesa huweka ndani yake sakiti maalumu ya kufungulia video. Prosesa yako ni ya familia iliyotoka mwaka huohuo wa 2013. Ina sakiti ya H.264, lakini Intel iliweka ufunguaji kamili wa VP9 kuanzia kizazi cha 7, na AV1 kuanzia kizazi cha 11. Laptopu yako ikipewa VP9 au AV1, prosesa inalazimika kuifungua kwa nguvu zake zenyewe, kama mtu anayetwanga gunia la mahindi kwa kinu huku jirani yake ana mashine. Simu yako yaelekea ndiyo yenye mashine: simu nyingi za miaka ya karibuni zina sakiti ya VP9, tena kioo chake kidogo huombewa picha ndogo zaidi.

Usichukue neno langu tu, pima. Fungua video yoyote ya YouTube kwenye laptopu, bofya juu ya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Stats for nerds". Katika mstari wa "Codecs", ukiona avc1 hiyo ni H.264, vp09 ni VP9, na av01 ni AV1. Kuna pia idadi ya fremu zilizoachwa, yaani picha mojamoja zinazounda video, pameandikwa "dropped". Idadi hiyo ikipanda mfululizo wakati "Buffer Health" inaonyesha sekunde nyingi zimeshahifadhiwa mbele, basi intaneti yako haina kosa. Thibitisha kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja: Task Manager itafunguka, nenda kwenye "Performance". CPU, yaani prosesa, ikiwa juu ya asilimia 90 na mchoro wa "Video Decode" chini ya GPU, yaani chipu ya picha, umelala sifuri, sakiti ya video haifanyi kazi yoyote.

Sasa tiba. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya mfumo, uhakikishe swichi ya kuruhusu chipu ya picha isaidie kazi haijazimwa. Mafundi wengine huizima wanapotafuta dawa ya tatizo jingine, kisha huisahau. Weka pia draiva ya picha ya mwisho iliyotolewa kwa modeli yako. Kwa YouTube, tumia kiendelezi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) cha jamii ya h264ify, ambacho hulazimisha tovuti ikupe H.264. Ubora utaishia 1080p, na TV nyingi za sebuleni hazidai zaidi ya hapo. Huduma za kulipia mara nyingi hazikupi nafasi ya kuchagua kodeki, kwa hiyo huko shusha ubora hadi 720p. Mkikaa mita 3 kutoka kwenye TV ya inchi 32, mtaona tofauti ndogo mno, na picha inayotiririka inapendeza kuliko picha kali inayoruka.

Joto nalo naliwekea mkazo, kwa sababu laptopu ya umri huo iliyopita mikono kadhaa huwa na vumbi kwenye feni na gundi ya joto iliyokauka juu ya prosesa. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo dakika za mwanzo za tamthilia huenda vizuri, kisha kuruka kunaanza. Mpelekee fundi aifungue, asafishe feni na kubadilisha gundi. Ni kazi ndogo. Hapo nyumbani msiiweke juu ya kitambaa, godoro wala kochi, maana matundu ya hewa ya laptopu nyingi yako chini.

Halafu chaja. Watu wachache hulitazama hili. Kuna laptopu, nyingi za Dell zikiwemo, ambazo zisipoitambua chaja iliyochomekwa hushusha kasi ya prosesa kwa makusudi, na zinaweza kukataa kuchaji betri. Laptopu zilizotumika mara nyingi huuzwa na chaja za kubahatisha. Ukiwasha na kuona onyo kuhusu chaja, usilipite kwa kubonyeza Enter kila asubuhi. Tafuta chaja yenye wati zilizoandikwa kwenye lebo ya laptopu na inayotambuliwa na mashine.

RAM ya GB 4 kwa Windows ya leo ni kujibana. Kivinjari chenye kurasa chache kinaimaliza, kisha kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na kama diski yako bado ni ile ya kuzunguka, kila kitu kinanyong'onyea. Kama kuna nafasi ya pili, ongeza GB 4 nyingine. Mwambie muuzaji unataka DDR3L, ile ya volti 1.35, kwa sababu DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 haikuandaliwa kwa laptopu za kizazi hicho. RAM mbili zikifanya kazi kwa pamoja zinasaidia na picha pia, kwani chipu ya picha ya Intel haina kumbukumbu yake, inatumia hiyohiyo. Fedha ikibaki, weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5.

Kama TV ya sebuleni ni ya 4K, kuna jambo jingine. HDMI ya laptopu yako inapeleka 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde, na Windows inaweza kuichagua yenyewe. Ukiona hata mshale wa kipanya unajikokota kwenye TV, ingia kwenye mipangilio ya skrini uweke 1920 × 1080 kwa Hz 60. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague skrini ya pili pekee, ili laptopu isichore vioo viwili kwa wakati mmoja.

Nije kwenye kiduara cha usiku. Picha ya 1080p huhitaji takribani Mbps 5, kwa hiyo 10 ilikuwa inatosha TV moja na simu moja au mbili. Saa 3 usiku, wakati mtaa mzima uko nyumbani, chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya wa mtandao, pima kasi, halafu pima tena kwa Wi-Fi ukiwa palepale inapokaa TV. Kama waya unaleta kasi nzuri na Wi-Fi haileti, msongamano uko hewani nyumbani kwenu. Ruta za majirani zote zinagombania masafa ya GHz 2.4, na humo njia zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Hamia GHz 5 ikiwa laptopu inaikubali, au acha waya uchomekwe moja kwa moja. Waya ndio ninaoupenda, ni wa bei ndogo na hausumbuliwi na ukuta. Ukiwa na diski ya nje ya USB 3 iliyochomekwa kwenye laptopu, iondoe wakati wa kutazama: vifaa vya USB 3 hutoa kelele ya redio ndani ya masafa ya GHz 2.4.

Kama hata kwa waya kasi ni ndogo, tatizo ni la mtoa huduma, nawe umpigie ukiwa na vipimo mkononi. Kabla ya hapo soma mkataba. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguziwa kasi ukipita kiasi fulani kwa mwezi. Mbps 5 kwa saa nzima ni GB 2.25. Mkitazama kwa muda wa saa 3 kila jioni, mwezi unaisha mkiwa mmetumia GB 200 hivi, bila kuhesabu simu. Kiduara kikitokea zaidi mwishoni mwa mwezi kuliko mwanzoni, anza kutilia shaka hapo. Na Windows nayo iambie kuwa muunganisho wenu ni wa kupimwa, "metered", ili isipakue masasisho makubwa mama akiwa katikati ya tamthilia.

Ile TV ya chumbani haijaharibika. Huduma za kulipia hulinda picha kwa mfumo uitwao HDCP, ambao unataka kifaa kinachotoa picha na kile kinachoipokea vitambuane kabla ya kuonyesha. VGA ni ya analogi na haina uwezo huo, kwa hiyo huduma inaruhusu sauti na kuzuia picha. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaobadilisha hilo kihalali. Chungulia nyuma ya TV: TV nyingi bapa zenye tundu la VGA zina la HDMI pia, wakati mwingine limejificha pembeni. Likiwepo, tumia hilo.

Kuhusu kununua: laptopu yako haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Vivinjari navyo huendelea kwa muda kisha huacha, kama Chrome ilivyoachana na Windows 7 mwaka 2023, na kivinjari kilichopitwa na wakati hufika mahali kikakataliwa na huduma za kulipia. Lakini kwa kazi ya tamthilia peke yake, ningewanunulia kisanduku kidogo cha kuchomeka nyuma ya TV kuliko laptopu nyingine. Chagua chenye sakiti ya VP9 na AV1, na kwa huduma za kulipia kiwe na Widevine L1, kiwango cha juu cha mfumo wa Google wa kulinda video zisinakiliwe. Visanduku vingi vya bei ya chini vina L3 tu, kiwango cha chini, navyo hupewa picha ya ubora hafifu hata kama boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Omba kiwashwe dukani, mfungue programu ya kukagua DRM, yaani ulinzi huo wa video, muone kiwango cha L1 kwenye kioo kabla hujatoa fedha.