Datsun 120Y ya mzee: eti haina spea kwa sababu kampuni ilikufa?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba katuachia Datsun 120Y, iko bandani Morogoro miaka kama 9 haijawashwa. Nataka niifufue. Duka moja la spea wameniambia Datsun ilishakufa zamani, hamna kitu, jingine wananiambia Datsun ndo Nissan hiyohiyo, chukua spea ya Nissan yoyote itaingia. Nani mkweli hapo? Na kama ni kampuni moja, kwa nini jina lilipotea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Hao wote wawili kila mmoja ana nusu ya ukweli, ila huyo wa pili ndo atakuumiza mfukoni zaidi, maana utanunua vitu vya Nissan ya juzi havitaingia na hela hairudishwi.

Kilichokufa ni jina. Kule Japani mwaka 1911 jamaa mmoja anaitwa Hashimoto Masujiro alianzisha karakana Tokyo, akatoa gari 1914 akaliita DAT, herufi za kwanza za majina ya watu watatu waliomshika mkono kwa mtaji, Den, Aoyama na Takeuchi. Sasa ikafika 1930 serikali yao ikaruhusu magari madogo yenye injini isiyozidi sisi (cc) 500 yaendeshwe bila leseni, na hapo ndo pakawa na soko, 1931 wakatoa kagari kadogo ka sisi 495 wakakaita Datson, yaani mtoto wa DAT. Shida ikawa neno "son" kwa Kijapani linasikika kama hasara, nani anunue gari linaitwa hasara, wakageuza ikawa Datsun, jua, kama lile la kwenye bendera yao. Muda mfupi baadaye ikaingia mikononi mwa kampuni ambayo 1934 ilichukua jina la Nissan. Kwa hiyo toka enzi hizo mwenye kiwanda ni Nissan, Datsun ni jina walilobandika kwenye magari yao madogo ya bei nafuu, na walipoanza kuuza nje ya Japani ndo jina walilotoka nalo, sisi huku tukalijua hilo.

Na tulilijua hasa. Safari Rally ya 1970 ilichukuliwa na Edgar Herrmann na Datsun 1600 SSS, mwaka uliofuata akachukua tena na 240Z. 1973 Shekhar Mehta alifungana pointi na Harry Källström, wote wako ndani ya Datsun, ikabidi waangalie nani alikwenda muda mrefu zaidi bila adhabu ndo Mehta akapewa. Halafu akaja kushinda mfululizo 1979, 80, 81 na 82. Nakwambia hivi uelewe kwa nini wazee wetu waliamini hizi gari, waliziona zikipita kwenye tope na vumbi la huku huku.

Mwaka 1981 Nissan wakatangaza wanaliondoa jina, wanataka dunia nzima wajulikane kwa jina moja, ikachukua mpaka kama 1986 kumalizika. Mimi naona walikosea sana, jina watu walishalipenda halafu unalifuta, lakini kiwandani injini hazikubadilika siku hiyo. Hapa ndo penye jibu lako.

120Y yako bodi yake inaitwa B210 na injini ni A12, sisi 1171, bloku ya chuma, silinda hedi ya aluminiamu, cheni ya taimingi na si mkanda. Hii familia ya A iliendelea kutengenezwa miaka mingi ikiwa na beji ya Nissan. Pikapu ndogo ya 1200 Japani waliitoa mpaka 1994, ile 1400 ya Afrika Kusini yenye A14 ilienda mpaka 2008, na zile Vanette za C22 nyingi tu zilikuja na A15. Kwa hiyo ukienda maduka ya spea ya Gerezani au Ilala kule Dar usitaje Datsun wala usitaje Nissan, taja A12. Angalia kwanza namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku maana inawezekana mzee alishabadilisha injini bila kuwaambia. Kama ni A12 tundu la silinda ni milimita 73, A14 na A15 ni 76, gasketi ya hedi na ringi za hizo usikubali hata muuzaji akiapa. Pampu ya maji, klachi, vitu vya distribyuta, beba ya zamani ulinganishe pale pale kaunta.

Ukiagiza mtandaoni kuwa makini zaidi, jina Datsun walilirudisha 2013 kwa gari zinaitwa Go, zikauzwa India, Indonesia, Afrika Kusini, wakaliua tena 2022. Hizo zinavuta mbele, yako inasukuma nyuma, hakuna hata nati ya kuazimana.

Vya bodi ndo vigumu kweli, hapo yule wa kwanza hajakudanganya. Taa, raba za vioo, mabampa ya B210 utatafuta kwenye mikweche. Kabla hujanunua chochote inua kapeti uangalie sakafu na chini ya betri, hizi bodi zinaliwa sana na kutu, ikiwa chesesi za chini zimeoza gharama ya kuchomelea itazidi injini.

Na tafadhali usiibusti leo ukapiga stata. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo kila tundu, iache usiku mzima halafu zungusha injini kwa spana polepole. Ikizunguka, mwaga petroli yote ya zamani, safisha tangi na kabureta, badilisha oili. Maji ya rejeta yakikaa miaka 9 yanakula hedi ya aluminiamu kwa ndani, ukiona kutu nyingi ivue hedi uipeleke ikapimwe kama imepinda kabla ya kuwasha, usisubiri ichemke barabarani. Ikishawaka na kupata moto rekebisha tapeti, yaani nafasi ya valvu, 0.35 mm zote, za kuingiza na za kutoa, kwa injini ya moto.

Nitumie picha ya hiyo namba ya bloku na ya sakafu, nikiona hizo nitakwambia uanze na nini.