Polisi kwa uanagenzi wa shahada

SWALI: Mwanangu anaishi Leicester, ana ukaazi wa kudumu. Nasikia Uingereza mtu husomea shahada huku keshakuwa polisi. Kweli?
Mzazi, Wete, Pemba

JIBU: Kweli, mzazi wetu. Ni miaka 3: anaajiriwa konstebo, analipwa mshahara, na ada halipi yeye. Kwanza aulize kama kikosi cha eneo lake kinapokea njia hii.

Mbio za majaribio zisimtishe: mita 15 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio, hadi kiwango cha 5.4, kama dakika 3 na nusu. Pazito ni upekuzi. Aandike yote: madeni, faini, hata kesi za jamaa. Faini ya zamani huenda isimzuie. Kuificha ndiko kunakomtoa. Masomo nayo asiyadharau, maana akifeli, kazi yenyewe iko hatarini.