Maswali ya Wasomaji: Hakuna chama kinachoniridhisha, nipige kura vipi?

SWALI: Mhariri, salaam nyingi. Nauza mitumba kwenye mnada wa gombolola (kata) yetu wilayani Tororo, Uganda. Vyama vyote vinavyopita kwetu nimevisikiliza. Kimoja kimekaa sana madarakani, kingine kina kelele kuliko mipango, na vile vya zamani vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe. Uchaguzi uliopita nilibaki nyumbani. Sasa mume wangu ananiambia safari ijayo niende niiharibu karatasi, wajue tumekasirika. Ni ushauri mzuri?

JIBU: Dada, tuanze na hilo la kuharibu karatasi, kwa sababu wengi wanalifikiria na hesabu yake huwageuka. Ibara ya 103 ya Katiba inamtaka mgombea urais apate zaidi ya asilimia 50 ya kura halali. Kura iliyoharibika si halali, basi haihesabiwi kabisa. Tuseme wapiga kura wote ni 100. Mgombea mmoja kapata 50, wengine wote wamegawana 50. Huyo wa kwanza hajavuka nusu, kwa hiyo ni lazima iwepo duru ya pili. Sasa chukua watu 5 miongoni mwa wasiomtaka, badala ya kuchagua waandike matusi kwenye karatasi. Kura halali zinabaki 95, na zile 50 zake zimekuwa asilimia 52.6. Ameshinda palepale, kwa msaada wa watu waliomkasirikia. Kubaki nyumbani kuna matokeo hayohayo. Na karatasi zetu hazina kisanduku cha "simtaki hata mmoja", kwa hiyo hasira yako haina mahali pa kuandikwa.

Jambo la pili ni kwamba huchagui chama mara moja kwa kila kitu. Siku ya kumchagua Rais unapewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge wa jimbo, na ya mbunge mwanamke wa wilaya. LC5 (mwenyekiti wa wilaya), LC3 (mwenyekiti wa gombolola) na madiwani huja siku nyingine. Mwaka 2021, Rais na wabunge walichaguliwa 14 Januari, LC5 tarehe 20. Hakuna sheria inayokutaka ufuate rangi moja kote. Kila karatasi ina kanuni yake ya ushindi, na hapo ndipo uamuzi wako unapotakiwa kubadilika.

Kwa urais, asipopatikana aliyevuka nusu, wawili wa juu hurudi kwa wananchi ndani ya siku 30. Ndiyo maana katika duru ya kwanza unaweza kumpa kura aliye karibu zaidi na mawazo yako, hata kama ni mdogo. Ni kweli kwamba tangu 1996 hatujawahi kufika duru ya pili. Lakini kura ya mgombea mdogo inaingia kwenye hesabu ya nusu, ya karatasi iliyoharibiwa haiingii.

Ubunge ni tofauti kabisa. Hakuna duru ya pili. Anayeongoza hata kwa kura moja ameshinda. Wakiwa wagombea sita, mtu anaweza kwenda Bungeni na asilimia 30 tu. Hapa jiulize kwanza ni wawili gani wenye nafasi ya kweli, kisha kama tofauti kati yao itakugusa. Kama ipo, mchague aliye afadhali, hata kama humpendi. Kama hakuna, mpe unayemwamini bila wasiwasi.

Hapa pia ndipo chama kina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa wabunge hukutana kwanza na wenzao wa chama kabla ya kupiga kura Bungeni. Mbunge akikihama katikati ya muhula chama kilichomleta, anapoteza kiti kwa ibara ya 83. Nawe huwezi kumrudisha nyumbani mapema: haki ya wananchi kumwondoa mbunge, ibara ya 84, ilikuwa ya mfumo wa Movement peke yake, yaani siasa zisizo za vyama. Ukikosea, umekosea kwa miaka mitano.

Kwa LC3, jina la chama tunalipa uzito mdogo kuliko kote. Gombolola hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, na ushuru unaoulipa mnadani umo humo. Muulize mgombea: mwaka jana mnada wetu uliingiza shilingi ngapi, na zilifanya nini? Aliyewahi kuhudhuria vikao vya baraza atakuwa na la kusema. Asiye na habari utamjua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Kabla mikutano ya kampeni haijaanza, andika mambo matatu yanayokuumiza, na mbele ya kila moja andika ni ofisi gani inayolishughulikia. Wengi hukwama hapa. Wanamdai mbunge barabara ya kijiji, kumbe ni ya gombolola au wilaya. Ukimuuliza mbunge "utatujengea barabara?" atajibu ndiyo, kama walivyojibu wenzake wote. Muulize hivi: "Bajeti hupitishwa kabla ya 31 Mei na mwaka wa fedha huanza 1 Julai, utaomba kuwa kwenye kamati ipi, na fedha hizo utaziombea wizara gani?" Kwa aliyeko tayari Bungeni, usitegemee maneno. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa Bungeni, iko kwenye tovuti ya Bunge. Desemba 2017, kwenye muswada wa kuondoa ukomo wa umri wa Rais, wabunge waliitwa mmoja mmoja kwa jina na kila mmoja akasema upande wake.

SWALI: Mgombea huru je, si ndiye jibu kwa sisi tusio na chama? Msomaji, Arua.

JIBU: Kaka, wakati mwingine ndiyo. Ibara ya 72 inamruhusu, na mwaka 2021 wagombea huru zaidi ya 70 waliingia Bungeni. Ila si wachache walioshindwa kura za mchujo za chama chao, wakasimama peke yao huku moyo ukibaki kulekule. Akijiunga na chama baada ya kuchaguliwa anapoteza kiti. Lakini hakuna kinachomzuia kupiga kura na chama hicho kila siku ya miaka mitano. Muulize mbele ya watu: ulishiriki mchujo wa chama gani, na muswada mgumu ukija utakaa na nani?

SWALI: Wameniletea sukari na sabuni, wakasema watajua nimempigia nani. Ni kweli? Mzee wa Mbale.

JIBU: Hawawezi kujua, mzee wetu. Karatasi haina jina lako. Huenda hofu hiyo inatokana na uchaguzi wa LC1 (uongozi wa kijiji) wa 2018, watu walipojipanga mstari nyuma ya mgombea; wa Rais na wabunge ni wa siri. Na ujue kwamba kisheria anayepokea rushwa ya kura ana kosa, kama anayetoa. Weka tiki au dole gumba ndani ya kisanduku cha mtu mmoja tu. Ukitumia dole, subiri wino ukauke kabla ya kukunja, doa lisihamie kwa mgombea mwingine likaleta ubishi. Usiandike jina wala saini.

Jina lako lihakikishe mapema, wakati daftari la wapiga kura linapobandikwa kwenye muluka wako (sehemu ya gombolola), ukiwa na kitambulisho cha taifa. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, na aliyeko kwenye mstari saa kumi inapogonga ana haki ya kupiga kura. Kura huhesabiwa palepale kituoni, hadharani. Ukiweza, rudi usikilize matokeo yakisomwa na mawakala wa wagombea wakisaini fomu.